Baraka Mia Moja kwa Siku: Dini ya Kiyahudi Jikoni, Mlangoni na Njiani

Myahudi anayeshika dini anatakiwa kumhimidi Mungu kwa maneno maalumu mara mia moja kila siku. Agizo hilo limo katika Talmudi, hazina kubwa ya mijadala ya sheria iliyokamilika Babeli karibu na mwaka 500 baada ya Kristo, na linanasibishwa na Rabi Meir, mwanazuoni wa karne ya 2. Mia moja huonekana nyingi mpaka mtu aanze kuhesabu. Sala ya kusimama, iitwayo Amida, husaliwa mara tatu kila siku ya kazi, na ndani yake mna baraka 19. Hapo tayari zimepatikana 57. Zilizobaki zimetawanyika katika siku nzima: kuamka, kunawa, kuvaa, kula, kunywa, kunusa, kuona na kulala. Tatizo hujitokeza siku ya Sabato, kwa sababu Amida ya siku hiyo ina baraka 7 tu. Wacha Mungu hulifidia pengo hilo kwa kula matunda ya namna mbalimbali na kunusa viungo, na ni nadra kupata sheria ya dini inayotekelezwa kwa raha kama hiyo.

Baraka inayozungumziwa hapa si neema inayomshukia mtu, bali ni tamko linalotoka kwa mtu kwenda kwa Mungu. Tamko hilo kwa kawaida huanza kwa maneno yaleyale, ya kumsifu Mungu kama Bwana na mfalme wa ulimwengu, kisha humalizikia kwa jambo lenyewe lililo mkononi: mkate, radi, nguo mpya, taa ya Sabato. Mwanazuoni Musa bin Maimon, aliyeishi kati ya 1138 na 1204 na kufanya kazi ya utabibu Misri, alizigawa baraka hizo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile za starehe ya mwili, kama chakula na harufu nzuri. La pili hutangulia utekelezaji wa amri, kama kuwasha taa au kufunga mikanda ya sala. La tatu ni za sifa, shukrani na maombi, ambazo hazifungamani na mlo wala amri yoyote.

Sababu ya fungu la kwanza imeelezwa katika Talmudi kwa hoja ya umiliki. Zaburi moja husema dunia yote ni mali ya Mungu; nyingine husema dunia amepewa mwanadamu. Marabi walikataa kuona hapo mgongano. Kabla ya kutamka baraka, kila kitu ni cha Mungu, na anayekila bila idhini ni sawa na aliyejichukulia mali ya hekalu. Baada ya baraka, kitu hicho ni cha mlaji. Kwa hesabu hiyo, baraka ni shukrani, lakini kwanza kabisa ni kuomba ruhusa kwa mwenye mali. Ndiyo maana hutamkwa kabla tonge halijafika mdomoni.

Kwa kuwa ni suala la sheria, baraka ina masharti yake. Baina ya tamko na tendo hayapaswi kupita mazungumzo. Anayesikia huitikia "amina", na kwa desturi ya wengi msemaji haitikii baraka yake mwenyewe. Jina la Mungu lenye herufi nne halitamkwi kamwe. Mahali pake husomwa neno lenye maana ya Bwana, na nje ya sala watu husema tu "Jina". Kulitaja bure ni kosa zito. Kwa hiyo mtu asiyekumbuka kama ameshatamka baraka fulani au bado, kwa kawaida huiacha: shaka huamuliwa kwa kunyamaza.

Kuanzia kitandani

Maneno ya kwanza ya siku husemwa mtu akiwa bado kitandani. Ni shukrani fupi kwa kurudishiwa roho baada ya usingizi, na kwa makusudi haina jina la Mungu, maana mtu bado hajanawa mikono. Kisha mikono hunawiwa kwa kikombe, maji yakimiminwa kwa kupokezana, kulia na kushoto, mara tatu kila mkono.

Baada ya choo huja baraka ambayo wageni huishangaa zaidi kuliko zote. Humshukuru Mungu kwa kumwumba mtu kwa hekima, akiwa na matundu na mirija mingi, na hukiri kwamba kama mmoja wao ungezibika, au ungepasuka, mtu asingeweza kusimama mbele ya Muumba wake. Talmudi huitaja pamoja na jina la Abaye, mwanazuoni wa Babeli wa karne ya 4. Msomaji aliyepita madrasa, aliyefundishwa dua ya kuingia na kutoka chooni, hataona ajabu. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo huenda akaiona kuwa baraka yenye akili kuliko nyingi.

Zinafuata baraka za asubuhi. Zamani kila moja ilifuata tendo lake: mtu alisikia jogoo akamshukuru Mungu aliyempa jogoo kutambua usiku na mchana, akafumbua macho akamshukuru anayewafumbua vipofu, akavaa, akajinyoosha, akasimama, na kila hatua ikawa na neno lake. Leo husomwa kwa mfululizo katika kitabu cha sala, na mwendo ule wa zamani umebaki katika mpangilio wa maneno tu. Ndani yake imo baraka inayozua ubishi mkubwa, ambayo mwanamume humshukuru Mungu kwa kutomwumba mwanamke. Watetezi wake husema maana yake ni kushukuru kwa wingi wa amri alizopewa mwanamume, kwani wanawake wamesamehewa nyingi zenye wakati maalumu. Madhehebu ya mageuzi na ya wahafidhina hayakuridhika na maelezo hayo, yakabadilisha maneno.

Wakati wa sala za siku huhesabiwa kwa njia ambayo Mswahili ataielewa haraka kuliko Mzungu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliohaririwa na Rabi Yehuda ha-Nasi karibu na mwaka 200, hufunguliwa kwa swali kuhusu muda: jioni, ungamo la umoja wa Mungu liitwalo Shema huanza kusomwa lini? Kwa upande wa asubuhi, jibu lililokubaliwa ni kwamba lisomwe kabla ya mwisho wa saa tatu, kwa kuwa watoto wa wafalme huamka mpaka saa hiyo. Saa tatu hiyo ndiyo saa tatu ya asubuhi, ikihesabiwa tangu mchana uanze. Mchana wote hugawanywa sehemu 12, urefu wake uwe wowote. Wanazuoni hutofautiana tu kama waanzie alfajiri au jua linapochomoza. Kwa hesabu ya macheo na machweo, saa moja ya kidini mjini London ina takriban dakika 83 mwezi Juni, na takriban 39 mwezi Desemba. Nairobi na Kampala haichezi mbali na dakika 60 mwaka mzima. Siku nayo huanza jioni, kama ambavyo wazee wa pwani huuita usiku wa Ijumaa ule unaofuata Alhamisi.

Sala tatu za kila siku ni ya asubuhi, ya alasiri na ya jioni. Anayesali huelekea Yerusalemu. Anaweza kusali peke yake, lakini sehemu fulani huhitaji jamaa ya watu wazima kumi; Wayahudi Waorthodoksi, washikao mapokeo, huhesabu wanaume tu, madhehebu mengine huhesabu na wanawake.

Katika sala ya asubuhi ya siku za kazi, wanaume hufunga tefilini, ile mikanda ya sala: vijisanduku viwili vyeusi vya ngozi vyenye vifungu vinne vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono. Kimoja hufungwa kwenye mkono dhaifu, yaani wa kushoto kwa wengi na wa kulia kwa mwenye shoto, kikielekea moyoni. Cha pili hukaa juu ya paji, pale nywele zinapoanzia. Mvulana huanza wajibu huu afikapo miaka 13, umri ambao amri zote humhusu. Msichana huhesabiwa mtu mzima kwa sheria akiwa na miaka 12. Siku ya Sabato tefilini havifungwi, kwa hoja kwamba vyenyewe ni ishara ya agano na Sabato nayo ni ishara, na siku moja haihitaji mbili.

Mlangoni huwekwa mezuza, kibweta chembamba kilichopigiliwa kwenye mwimo wa kulia kwa anayeingia. Thamani yake haiko katika kibweta bali katika kipande cha ngozi kilichomo, chenye aya mbili za Kumbukumbu la Torati zilizoandikwa na mwandishi aliyefuzu, kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi: herufi 713 katika mistari 22. Herufi moja ikipotea, yote ni batili, hivyo mezuza za nyumbani hukaguliwa mara mbili katika kila miaka saba. Huwekwa kwenye vyumba vyote vya kuishi, isipokuwa choo na bafu. Katika nyumba nyingi za Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki huonekana imewekwa mshazari. Rashi, mfafanuzi mkuu wa maandiko kutoka Ufaransa wa karne ya 11, alisema isimame wima. Mjukuu wake Rabenu Tam akasema ilale. Vizazi vya baadaye havikutaka kumvunjia heshima babu wala mjukuu, vikaiinamisha. Wayahudi wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu huisimamisha wima bila wasiwasi.

Ndizi si tunda la mti

Kwenye chakula ndiko uhodari wa marabi unakoonekana zaidi. Vyakula vyote duniani vimegawanywa makundi sita, na kila kundi lina tamko lake. Mkate una lake. Vyakula vingine vinavyopikwa au kuokwa kwa nafaka tano, yaani ngano, shayiri na jamii zake, vina lao. Divai na maji ya zabibu yana lake. Kisha kuna matunda ya miti, mazao ya ardhini, na mwisho kundi la kila kilichobaki: maji, nyama, samaki, maziwa, mayai, sukari.

Mgawanyo huu unaonekana rahisi mpaka mtu ashike ndizi. Mgomba ni mrefu kuliko mtu na matunda yake huning'inia juu, lakini shina lake si la mti: huzaa mkungu mmoja, hukatwa au hufa, na chipukizi hushika nafasi yake. Kwa sheria, mti ni ule ambao shina lake hubaki na kuzaa tena mwaka unaofuata. Ndizi basi husomewa baraka ya mazao ya ardhini, pamoja na viazi na maharage, na nanasi vilevile. Embe, chungwa na nazi ni matunda ya miti bila ubishi. Papai limewasumbua marabi kwa karne kadhaa, kwa kuwa mpapai huzaa mapema mno na shina lake lina uwazi ndani. Wengi leo huliweka upande wa ardhi. Uyoga huota ardhini, lakini Talmudi ilishaona kwamba haujilishi kutoka ardhini kama mimea mingine, ikautia katika kundi la kila kilichobaki. Wanabotania wa leo nao wameutoa uyoga katika hesabu ya mimea, ingawa kwa sababu zao wenyewe.

Ugali wa mahindi, ushibishe namna gani, si mkate. Mahindi yalitoka Amerika, hayamo katika nafaka tano, na hivyo mlo wa ugali haudai kunawa kwa baraka wala shukrani ndefu ya mwisho. Wali una hali ya katikati ambayo haifanani na kitu kingine: kabla ya kuula husomwa baraka ya nafaka zilizopikwa, lakini baada yake husomwa ile fupi ya vyakula vya kawaida.

Makosa nayo yamewekewa utaratibu, na hapa mantiki inapendeza. Aliyetamka baraka ya ardhi juu ya embe ametimiza wajibu, maana hata mwembe umeota ardhini. Aliyetamka baraka ya mti juu ya kiazi hajatimiza, maana kiazi hakikutoka mtini. Baraka ya kila kilichobaki, ambayo husema kwamba vyote vimekuwako kwa neno la Mungu, ikitamkwa kwa kosa juu ya chakula chochote inatosha. Vyakula vikiwa vingi mezani, hutangulizwa vile saba ambavyo Kumbukumbu la Torati huisifia nchi ya Israeli: ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na tende. Tende hutangulia embe, hata kama mlaji anatamani embe zaidi.

Mkate ndio mfalme wa meza. Kabla yake mikono hunawiwa tena kwa kikombe na kwa baraka, na mtu hunyamaza mpaka atamke baraka ya mkate na kutafuna kipande, kwa kawaida kilichochovywa chumvi. Baraka hiyo moja hufunika karibu vyakula vyote vya mlo huo; divai, kwa mfano, hudai yake. Anayekula mkate usiopungua kiasi cha zeituni anawajibika kusoma shukrani ya baada ya mlo, kwa msingi wa agizo la Torati kwamba mtu akila na kushiba amhimidi Mungu. Shukrani hiyo ina baraka nne: ya chakula, ya nchi, ya Yerusalemu, na ya wema wa Mungu. Mapokeo husema hiyo ya nne iliwekwa baada ya Betari, ngome iliyoangushwa na Warumi mwaka 135, pale ambapo waliouawa hatimaye waliruhusiwa kuzikwa. Wakila watu watatu pamoja, mmoja huwaalika wenzake kwa maneno rasmi kabla ya kuanza.

Baraka haihalalishi kilichokatazwa. Mnyama wa miguu minne aliyeruhusiwa ni mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Nguruwe ana kwato lakini hacheui. Ngamia hucheua lakini kwato zake hazihesabiwi kuwa zimepasuka, na hapo Wayahudi hutofautiana na Waislamu. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Sato, sangara, changu na nguru wanaliwa. Kambare, papa, taa, pweza, ngisi, kamba na kaa hawaliwi. Mchinjaji ni mtu aliyesomea kazi hiyo, na kisu chake hukaguliwa ili ukali wake usiwe na pengo hata dogo. Kwa kuwa damu imekatazwa, nyama hulowekwa majini nusu saa, hutiwa chumvi kwa saa nzima, kisha husuuzwa.

Torati hurudia mara tatu katazo la kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Kutokana na maneno hayo machache umejengwa utaratibu wote wa jiko la Kiyahudi: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na nyumba inayoshika sheria huwa na sufuria, sahani na vijiko vya aina mbili. Mla nyama choma hawezi kushushia chai ya maziwa. Hungoja saa sita kwa desturi ya wengi, tatu kwa familia nyingi zenye asili ya Ujerumani, na moja kwa zile za Uholanzi. Samaki, mayai, nafaka na mboga haviko upande wowote.

Kuingia na kutoka Sabato

Sabato huingia Ijumaa jioni. Taa huwashwa angalau dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Yerusalemu desturi ni dakika 40. Katika nyumba nyingi mwanamke ndiye anayewasha. Kwa kawaida baraka hutangulia tendo, lakini hapa pana kikwazo: mwanamke akishatamka baraka ameipokea Sabato, na ndani ya Sabato moto hauwashwi. Wayahudi wa asili ya Ulaya wametatua jambo hilo kwa viganja vya mikono. Mwanamke huwasha kwanza, hufunika macho, hutamka baraka, kisha hufunua na kuiona nuru, kana kwamba ndiyo kwanza imewaka.

Mezani husomwa baraka juu ya kikombe cha divai, kisha juu ya mikate miwili mizima, kumbukumbu ya mana iliyoanguka maradufu siku ya Ijumaa jangwani. Kazi zilizokatazwa ni aina kuu 39, zilizochotwa na marabi katika kazi za ujenzi wa hema la kukutania: kulima, kusuka, kuandika, kujenga, kuwasha moto, kubeba kitu kutoka nyumbani hadi njiani, na nyinginezo. Kigezo si jasho. Kusogeza kabati zito ndani ya chumba si miongoni mwa kazi hizo 39; kuandika herufi mbili ni kosa. Chakula cha moto cha Jumamosi mchana huwa kimekaa mekoni tangu Ijumaa, na kutokana na hitaji hilo kila jamii ilizua mchuzi wake wa maharage, nyama na nafaka unaoiva usiku kucha. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, makatazo yote hayo huwekwa kando: kumkimbiza mgonjwa mahututi hospitali kwa gari ni wajibu, na anayesita kwenda kumwuliza rabi anakosea.

Jumamosi usiku, nyota tatu zinapoonekana, Sabato huagwa kwa divai, viungo vya kunukia na mshumaa wa tambi nyingi. Karafuu, zao ambalo Wazanzibari hawahitaji kuelezwa, hutumika sana hapo. Mshumaa husomewa baraka ya moto, na walio karibu hutazama kucha zao katika mwanga wake, kwa sababu nuru husomewa baraka pale inapotumika kweli.

Desturi hizi zote hutegemea kitabu kimoja kuliko vingine. Yosefu Karo, aliyeishi Safed katika Galilaya, alichapisha muhtasari wa sheria Venice mwaka 1565, na Moshe Isserles wa Krakow akaongeza maelezo ya desturi za Ulaya. Ndiyo maana tofauti nyingi za Wayahudi leo ni za mstari mmoja dhidi ya mwingine ndani ya ukurasa uleule. Vuguvugu la mageuzi lililoanza Ujerumani katika karne ya 19 lilikwenda mbali zaidi, na wafuasi wake wengi hawajioni wamefungwa na sheria za jikoni wala za Sabato.

Afrika Mashariki desturi hizi zimeingia kwa njia mbili zisizofanana. Nairobi jumuiya ya Kiyahudi ilianza mwaka 1904, ikiundwa na walowezi na wafanyabiashara. Mbale, mashariki mwa Uganda, hawakuja wahamiaji. Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi Mganda aliyekosana na Waingereza, alisoma Agano la Kale na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake, Abayudaya, walishika Sabato na sheria za chakula kwa miongo mingi. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao waliongolewa rasmi na jopo la marabi wa dhehebu la wahafidhina, na mwaka 2008 Gershom Sizomu alipata daraja la urabi Los Angeles kisha akarudi kuongoza jumuiya yake. Zaburi huko huimbwa kwa Kiganda kwa mahadhi ya hapohapo.

Kinachoonekana na kinachosikika

Baraka za fungu la tatu haziratibiwi na saa. Radi ikipiga, umeme ukimulika, upinde wa mvua ukitokea, mtu akifika kwenye bahari kuu baada ya muda mrefu, kila jambo lina maneno yake. Upinde wa mvua husomewa kumbukumbu ya agano na Nuhu, lakini mtu hashauriwi kuukodolea macho. Anayemwona tembo au nyani humsifu Mungu aliyewatofautisha viumbe; Talmudi iliwataja wanyama hao kama maajabu ya nadra, na marabi wake wangepata kazi kubwa ya midomo katika mbuga za Tsavo. Mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, miti ya matunda inapochanua, ipo baraka ya kuiona mara moja kwa mwaka. Rafiki asiyeonekana kwa mwaka mzima hupokewa kwa baraka ya Mungu anayefufua wafu, ingawa simu imeifanya isiwe na nafasi kubwa: aliyezungumza naye wiki iliyopita anajua yu hai.

Jambo jipya lenye furaha, kama vazi la thamani, tunda la kwanza la msimu au kuingia kwa sikukuu, hushukuriwa kwa baraka ya kufikishwa wakati huo. Rabi Yehuda Leib Maimon aliitamka Tel Aviv tarehe 14 Mei 1948, taifa la Israeli lilipotangazwa. Aliyeponea safari ya bahari au jangwa, ugonjwa mkali au kifungo, husimama mbele ya watu kumi na kushukuru hadharani.

Kinyume na matarajio, sadaka kwa maskini haina baraka. Maelezo mojawapo ya wanazuoni ni kwamba tendo hilo halikamiliki kwa mtoaji peke yake. Mpokeaji akikataa, jina la Mungu litakuwa limetajwa bure.

Mishna inaamuru pia kwamba mabaya yasomewe baraka kama mema. Habari ya msiba hupokewa kwa kumhimidi Mungu hakimu wa kweli, na wafiwa wa karibu hutamka maneno hayo kwa ukamilifu wakichana nguo zao: upande wa kushoto, juu ya moyo, kwa baba au mama, na upande wa kulia kwa ndugu, mume, mke au mtoto. Kisha hukaa matanga siku saba. Kati ya baraka zote, hii ndiyo ngumu kuitamka, na sheria haidai mtu ajisikie shukrani anapoisema. Inadai tu akubali hukumu.

Iliyo adimu kuliko zote ni baraka ya jua. Kwa hesabu ya kale ya Talmudi, kila baada ya miaka 28 jua hurudi mahali pake pa kuumbwa, katika saa ileile ya siku ileile ya juma. Asubuhi ya Jumatano hiyo watu hutoka nje kwa makundi kulisomea. Wanaastronomia wa leo wanajua kwamba mwaka wa hesabu hiyo, wa siku 365 na robo kamili, umezidi kidogo mwaka halisi wa jua, na marabi nao wamelijua hilo tangu zamani bila kubadilisha desturi. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Aprili 2009, na inayofuata ni tarehe 8 Aprili 2037.